Usaili umekwisha, simu haijaita: ukimya wa mwajiri una maana gani?

Ukirudi nyumbani kutoka kwenye usaili, swali la kwanza ni "ilikuwaje?", na hilo unaweza kulijibu. Linalofuata huja baada ya wiki mbili tatu: "Vipi, hawajakuita?" Hapo kila mtu ana jibu lake isipokuwa wewe. Mjomba anasema nafasi zile zilikuwa na wenyewe. Rafiki anasema wangekutaka wangepiga siku ileile. Mama anasema mvumilivu hula mbivu. Wote wanakisia, kwa sababu tumezoea kuuchukulia ukimya wa mwajiri kama jambo moja: hawajapiga, basi umekosa.

Imani hiyo inawaumiza watu. Wapo wanaokata tamaa na nafasi ambayo bado ingeweza kuwa yao, wanafuta namba ya simu waliyoiandika kwenye maombi, na barua inatoka wakiwa hawapatikani. Wapo pia wanaosubiri kazi iliyokwisha kufa zamani, huku wakipitwa na kazi za mkataba wa miezi mitatu ambazo zingewasogeza. Makundi yote mawili yanakosa kitu kilekile: kujua wako kwenye foleni ya nani. Ukimya wa serikalini hauendi kama wa kampuni binafsi, na wa mashirika yanayotegemea wafadhili una mambo yake. Nitaeleza zaidi ya Tanzania, na nitagusa Kenya pale sheria zinapokaribiana.

Foleni ya serikali

Tanzania, ajira nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Makao yake yako Dodoma, na maombi yote hupita kwenye mfumo wa mtandaoni ambao kila mtafuta kazi anaujua kwa jina la Ajira Portal. Tangu mwanzoni mwa 2025 hata walimu wanafanyiwa usaili kupitia huko, kwa hiyo foleni imerefuka.

Usaili wenyewe una ngazi. Kuna wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kwa baadhi ya kada, kama madereva na mafundi, kuna wa vitendo. Halafu kuna mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Mtu akisema "nimefanya usaili, nasubiri", muulize ni upi. Baada ya mchujo, kusubiri ni kwa siku chache, kwa sababu mara nyingi tarehe ya mahojiano ilikwishatajwa kwenye tangazo lilelile lililokuita. Matokeo hutolewa kwa namba ya mtihani, ndiyo maana matangazo yanasisitiza kila msailiwa anakili namba yake na kuitunza. Waliovuka wanaendelea, na waliobaki wanajua siku hiyohiyo kwamba safari imeishia hapo.

Kazi iko baada ya mahojiano. Hapo hakuna tarehe. Unatoka kwenye chumba, unaaga, na kinachofuata ni kimya kinachoweza kwenda wiki kadhaa, pengine miezi.

Kwa nini kinachukua muda hivyo? Sababu ya kwanza ni wingi. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili, zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ambayo iliendesha mchakato wake yenyewe, ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027. Hao ni watu wasiopungua 84 kwa kila kiti. Idadi kama hiyo ikipita kwenye mchujo na mahojiano, katika vituo vya mikoa tofauti na kada tofauti, alama zinahitaji kukusanywa, kujumlishwa na kupangwa kwa ufaulu kabla ya jina moja kutangazwa.

Sababu ya pili watu wengi hawaifikirii: aliyekusaili si yeye atakayekuwa bosi wako. Sekretarieti inasaili kwa niaba ya wizara, halmashauri, vyuo, hospitali na mamlaka mbalimbali. Kila mmoja wao ana idadi yake ya nafasi zenye kibali na bajeti ya mshahara. Waliofaulu lazima wagawanywe kwenye nafasi hizo. Kwa hiyo unaweza kuwa umefaulu tayari, na jina lako liko kwenye orodha ofisini, huku kinachosubiriwa kikiwa ni wewe upangiwe wapi.

Siku ikifika, linatoka tangazo la kuitwa kazini, ile PDF ambayo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp ndani ya dakika chache. Ukiifungua utaona jedwali: mamlaka ya ajira upande mmoja, kada katikati, kisha majina kwa herufi kubwa. Si orodha moja ya alfabeti, kwa hiyo anayeangalia ukurasa wa kwanza tu na kufunga anaweza kulipita jina lake lililoko chini ya halmashauri ambayo hakuwahi kuifikiria. Tafuta kwa jina la ukoo, halafu kwa jina la kwanza. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal uangalie hali ya maombi yako, kwa sababu PDF za kwenye makundi nyingine ni za zamani na nyingine zimechezewa.

Halafu soma aya za juu za tangazo. Watu huziruka kwa haraka ya kutafuta jina, lakini ndipo lilipo jambo muhimu kuliko yote katika kusubiri kwa serikalini: kanzidata.

Mara nyingi tangazo husema kwamba orodha inajumuisha baadhi ya wasailiwa waliokuwa kwenye kanzidata, waliofanya usaili kati ya mwezi fulani na mwezi fulani. Maana yake ni hii. Kada inapotangazwa na nafasi kumi, wakafaulu ishirini na watano, wale kumi wa juu wanapangiwa na kumi na tano wanawekwa akiba. Nafasi ya kada hiyohiyo ikitokea baadaye, kwa kuwa mtu amestaafu, ameacha kazi au hakuripoti, Sekretarieti inaweza kumchukua wa akiba bila kumrudisha kwenye chumba cha usaili. Hivyo ndivyo mtu anavyoitwa kazini miezi mingi baada ya kujisemea kwamba amekosa.

Kanzidata inabadili kabisa maana ya kutoliona jina lako. Aliyeanguka kwenye mahojiano na aliyefaulu akakosa nafasi wote hawapo kwenye PDF ya kwanza, na kwa nje wanafanana. Mmoja ameshatoka kwenye foleni, mwingine bado yumo. Kwa aliyefaulu, la kufanya ni kuangalia ile miezi inayotajwa kwenye kila tangazo jipya la kada yake. Ikiwa usaili wake unaangukia ndani ya kipindi kinachotajwa, bado yuko hai. Matangazo yakianza kutaja vipindi vya baada yake tu, tena na tena, ajihesabu ametoka, aombe upya nafasi itakapotangazwa. Kuomba upya ni haki yake, na matangazo yenyewe huwahimiza walioachwa wasisite kufanya hivyo.

Na ukiitwa? Usikae. Kuripoti kuna muda, na tangazo na barua ya kupangiwa kituo huutaja. Siku 14 ni kipindi ambacho kimezoeleka. Barua siku hizi hupatikana kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Ukifika kwa mwajiri unatakiwa na vyeti halisi kuanzia cha kidato cha nne, vihakikiwe kwanza ndipo upewe barua ya ajira. Uhakiki huo haukuanzishwa kwa kupenda usumbufu: mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Hati za matokeo peke yake hazikubaliwi, na kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha NIDA, lishughulikie kisheria sasa, wakati huu wa kusubiri. Kulishughulikia baada ya kuitwa, siku zikihesabika, ni mateso.

Foleni ya kampuni

Kwenye kampuni binafsi hakuna PDF wala kanzidata inayotangazwa. Kuna afisa rasilimali watu mwenye faili, na mkurugenzi ambaye lazima asaini.

Tuseme wamesailiwa watu watano kwa nafasi moja ya mhasibu. Wajumbe watatu wa jopo wamejaza karatasi za alama, na baada ya kujumlisha Neema ana 78, Juma 76, Rehema 71, na wawili waliobaki wako mbali. Neema anapigiwa. Anafurahi, lakini anataka kuzungumza kuhusu mshahara, na hilo linakula wiki. Wakikubaliana, inabidi aandike barua ya kuacha kazi anakofanya. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, na Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka siku hizohizo 28. Mwajiri wake wa sasa akisikia anaondoka anaweza kumwongeza mshahara abaki. Wakati huo wote Juma hajaambiwa kitu. Hawamwambii amekosa, kwa sababu Neema akirudi nyuma watamhitaji. Hawamwambii asubiri, kwa sababu hawataki ajue kwamba yeye ni wa pili.

Huo ndio ukimya wa kawaida kabisa kwenye sekta binafsi, na anayeupata ni mtu aliyefanya vizuri. Aliyefanya vibaya kabisa na aliye wa pili wananyamaziwa sawasawa. Wa kwanza peke yake ndiye anayesikia mapema, na ndiyo chanzo cha ule usemi wa "wangekutaka wangepiga siku ileile". Una ukweli kwa mtu mmoja kati ya watano. Kwa Juma hauna.

Mengine yanayochelewesha ni ya kawaida: wadhamini hawapokei simu, bosi amesafiri, au nafasi imesimamishwa kwa sababu mauzo yameshuka. Kuhusu wadhamini, wapigie mwenyewe kabla. Mhadhiri aliyekufundisha miaka minne iliyopita akipigiwa na namba asiyoijua na kuulizwa habari za fulani, asipokukumbuka upesi, faili lako linawekwa pembeni huku wewe ukidhani tatizo ni majibu uliyotoa kwenye usaili.

Wanaosubiri fedha za wafadhili

Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, jiulize kwanza mshahara wa nafasi ile unatoka wapi. Nafasi nyingi za miradi ya afya, kilimo na elimu husailiwa wakati fedha bado zinasubiriwa, ili mradi ukipitishwa watu wawe tayari. Fedha zisipokuja, nafasi haipo, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuwaambia waliosailiwa.

Hilo lilionekana wazi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikakoma kuendesha miradi yake. Nchini Tanzania na Kenya miradi iliyokuwa ikilipwa kwa fedha hizo, hasa ya UKIMWI na kifua kikuu, ilitikisika au kufungwa, na waliokuwa kazini wakarudishwa nyumbani. Mtu aliyesailiwa mwanzoni mwa Januari mwaka ule akanyamaziwa hakupaswa kujilaumu kwa majibu yake. Kazi yenyewe ilitoweka.

Je, si kwamba nafasi zina wenyewe?

Mjomba naye ajibiwe, maana hasemi kwa kubuni. Upendeleo upo, na kila mtu ana mfano wa mtoto wa fulani aliyeingia bila kuonekana kwenye chumba cha usaili. Sitaki kuwaambia vijana wafumbe macho. Ila ukimya wenyewe si ushahidi wa upendeleo, kama nilivyoeleza, na ukiuchukua hivyo utaacha kuomba mahali ambapo ungepata. Ushahidi una sura nyingine: aliyepata nafasi hakuwa kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, hana sifa zilizotajwa kwenye tangazo, au uliombwa fedha. Ukiwa na kitu kama hicho, mfumo wa serikali wa e-Mrejesho unapokea malalamiko, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina ofisi mikoani na wilayani.

Ubaguzi nao una sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mfanyakazi pale linapokuja suala la kubaguliwa kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengine yaliyotajwa humo. Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamlinda anayetafuta kazi vilevile. Kwa hiyo binti aliyeulizwa kwenye jopo anapanga kuzaa lini, halafu akanyamaziwa, ana pa kuanzia. Aandike swali lile, aliyeliuliza na tarehe, siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijafifia.

Kuulizia, lini na vipi

Serikalini, kupiga simu kila wiki hakusaidii. Fuatilia tovuti na akaunti yako, basi. Kwa waajiri wengine, kuulizia ni haki yako na hakukupunguzii chochote, ilimradi ufanye kwa adabu na kwa mtu sahihi, yaani yule aliyekuita. Usimtafute mjumbe wa jopo kwenye simu yake binafsi, na usimtume shemeji "akusemee". Jopo likijua unatafuta njia ya pembeni, hata aliyekupa alama nzuri anapata kigugumizi kukutetea.

Kama walikupa muda, ngoja upite, ongeza siku tatu nne za kazi, kisha andika. Kama hawakukupa, wiki mbili zinatosha. Ujumbe uwe mfupi hivi: "Habari za kazi. Naitwa fulani, nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi tarehe 4 mwezi huu. Naomba kujua kama mchakato bado unaendelea. Bado naihitaji nafasi hii. Asante." Usieleze shida za nyumbani, hata kama ni za kweli. Wakikujibu "bado", uliza upesi kama unaweza kuwasiliana nao tena baada ya muda gani. Wasipojibu mara mbili, ichukulie nafasi hiyo kama imefungwa. Wakipiga baadaye, itakuwa neema.

Heri zaidi kuuliza mapema: mwisho wa usaili jopo linapokuambia "una swali?", uliza majibu yanatarajiwa lini na yatakuja kwa njia gani. Wengi huogopa wataonekana wana haraka. Mimi naona ni swali la mtu anayejua kupanga mambo yake.

Na tahadhari moja, kwa sababu matapeli wanaijua hali ya anayesubiri kuliko ndugu zake wanavyoijua. Hupata orodha za walioitwa kwenye usaili, ambazo ziko wazi mtandaoni, kisha humpigia mtu wakimtaja majina yake matatu na kada aliyoomba. Anajisikia anaongea na ofisi. "Jina lako limepita, ila faili linahitaji kusukumwa", au "tuma ya sare na vipimo vya afya". Usaili na ajira ya serikali haviuzwi, na kampuni ya kweli haiombi fedha kwenye namba ya mtu binafsi. Majina yako kujulikana hakuthibitishi chochote. Kata simu, na hata kama hukutuma kitu, itolee taarifa ile namba.

Waajiri wanadaiwa nini

Sheria nilizozitaja hazimlazimishi mwajiri kumwambia mtu kwamba amekosa. Ndiyo maana matangazo mengi, Dar es Salaam hadi Nairobi, humalizia kwa kusema watakaofanikiwa tu ndio watakaojulishwa. Kwa hatua ya maombi naelewa: huwezi kuwaandikia watu elfu tano. Kwa hatua ya usaili sielewi. Mtu huyo alijigharamia nauli, chakula na malazi, pengine alitoka Sumbawanga kwa basi na kulala kwa jamaa, akaazima koti, akakaa mbele yenu nusu saa akijibu kila mlichouliza. Nakala za vyeti vyake na kitambulisho chake bado mnazo, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mna wajibu wa namna mnavyozitunza.

Kampuni iliyosaili watano ikimpata mmoja, inadaiwa ujumbe kwa wale wanne waliobaki. Unaweza kusema hivi: "Asante kwa kuja kwenye usaili wa tarehe 4. Nafasi imepata mtu mwingine. Vyeti vyako tutavifuta kwenye kumbukumbu zetu, isipokuwa ukipenda tubaki navyo kwa nafasi zijazo." Hutumwa siku aliyechaguliwa anaporipoti kazini, wakati Juma hahitajiki tena kama akiba, na kazi hiyo apewe mtu mmoja kwa jina, iandikwe kwenye orodha ya hatua za ajira pamoja na kusaini mkataba na kumtafutia mgeni meza.